Siku Nliyomtoa Asya Kwenye Orodha

Jumapili, 4 Januari

Unga umeumuka vizuri leo. Mikate ya ufuta kumi na miwili. Minane kwa Nasra na watoto wake, minne ya jirani. Dawa nimekunywa. Presha sikupima, sitaki kujua.

Baada ya alasiri nkampigia Asya kama kila siku. Mdogo wangu, ndiye aliyenibakia. Yeye Unguja, mie Maskati, mwaka wa hamsini huu. Mama alikataa kuondoka na Asya akakataa kumwacha Mama. Mie nlikuwa na mume na mtoto mgongoni, nkaja. Basi.

Sauti yake imekwaruza. Kasema wali haupiti tena mpaka auponde na mchuzi. Ni koo. Dakhtari keshampa jina la ugonjwa, silitaki humu. Keshampa na dawa yake: mionzi, siku ishirini na tano, na haraka. Lakini mtambo wa mionzi uko Bara. Unguja haupo.

Nkamuuliza, basi unavuka lini? Kasema, "Dada, nangoja kamati."

Kamati gani? Mtu wali haupiti, kamati gani?

Ana kadi ya bima ya Unguja. Kadi hiyo inafanya kazi Unguja. Ukitaka kuvuka maji inataka barua ya rufaa, na barua inataka kamati ikae, na kamati ina siku zake. Jirani yake alingoja hiyo kamati mpaka akazikwa.

Naandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu. Hizo ndo nlizopata, skuli sijaingia. Wajukuu wangu wanazisoma herufi lakini hawaelewi neno, Kiswahili chao ni cha kuombea chai tu. Vizuri. Nikisema kwa mdomo wananiambia presha, Bibi, presha.

Jumanne, 6 Januari

Mundhir kapiga. Huyu ni mtoto wa Asya, anafanya kazi Dar es Salaam, na kampuni yake imempa bima ya Bara. Kasema anaweza kumwandika mama yake kwenye bima yake, na kwa kadi ile spitali ya mionzi itampokea mlangoni. Hakuna kamati. Nkafurahi mpaka nkasimama.

Kisha akasema lakini.

Lakini Bara hawamwandiki mtu aliyemo kwenye orodha ya Unguja. Mtu mmoja, kadi moja. Lazima atoke huko kwanza.

Nkamuuliza, hizo nchi ngapi? "Moja, Mama Mkubwa." Pasipoti ngapi? "Moja." Sasa bima zimekuwaje mbili? Akacheka, mpumbavu yule. Kasema mambo ya afya si ya Muungano, kila upande una yake. Unguja hawataki Bara iwashikie mfuko wao. Bara hawataki kumlipia mtu wasiyemwandika wao. Kila mmoja ana haki yake.

Na mie Mzanzibari. Mtu kutaka chake kiwe chake naelewa, ningekuwa kule labda ningepiga kelele hizo hizo. Lakini haki ya hawa nimeisikia, haki ya wale nimeisikia, ya Asya hakuna aliyeitaja. Koo lake halijui bahari iko wapi.

Nimevunja kikombe. Si kwa makusudi. Nusu kwa makusudi.

Jumatano, 7 Januari

Hapa Maskati sijapata kungoja kamati ya mtu. Mjukuu wangu walipomzungusha na karatasi zake, nlikwenda wizarani Al Khuwair na birika la kahawa na bakuli la halwa, nkakaa mlangoni mwa mkubwa mpaka akaona haya. Ilikwisha kabla ya adhuhuri. Watu wana wasta, mtu wa kuwafungulia mlango, wa kina fulani na fulani. Wasta wangu mie ni miguu na mdomo.

Na Unguja ninao mkubwa kuliko huo. Khatibu.

Khatibu nimemnyonyesha mie. Mama yake alizaa akapata homa, maziwa yakakauka, na mie nlikuwa na Nasra wa miezi miwili. Nkamweka huyu huku na yule kule. Ni mwanangu kwa sharia, hawezi hata kumwoa Nasra. Leo ni mtu mkubwa pale ofisini kwenye bima ya Unguja. Ana meza, ana muhuri, ana dereva. Idi zote mbili ananipigia kabla hajampigia mtu mwengine.

Nkampigia. Nkamwambia mtoe Asya kwenye orodha yenu, leo.

Akasitasita. "Mama, tulia kidogo. Kamati inakaa Jumatano ijayo. Wiki moja tu."

Nkamwambia sitaki kamati. Mie nlikunyonyesha bila kamati.

Kisha akasema, "Haya, Mama."

Kabla ya magharibi akanitumia khabari: katoka. Nlishukuru Mungu. Nlijishukuru na mie nafsi yangu, nusu kwa nusu.

Alkhamisi, 8 Januari

Nimepika biriani. Nasra kauliza kuna nini. Nkamwambia nimeshinda serikali mbili kwa simu moja. Watoto wakapiga makofi.

Asya kala wali wa kuponda, vijiko saba. Namhesabia.

Jumatatu, 12 Januari

Ijumaa na Jumamosi sie huku tumefunga. Jumamosi na Jumapili wao kule wamefunga. Leo Jumatatu, kule sikukuu yao. Siku ile ya sitini na nne. Ina watu wangu ndani yake na sitaki kuisema.

Alkhamisi na Ijumaa Mundhir kakusanya karatasi, siku tatu hizi hana pa kuzipeleka. Ugonjwa haufungi. Ugonjwa haujui Ijumaa wala Jumapili.

Wali umekataa. Sasa ni mtori wa ndizi.

Jumanne, 13 Januari

Mundhir kaenda ofisi ya bima ya Bara na karatasi zake zote. Wamemwambia kitambulisho cha mama yake ni cha mkaazi wa Unguja. Wanataka barua ya mwenyekiti wa mtaa ya kuthibitisha kwamba anaishi Dar, nyumbani kwa mwanawe. Akaenda kwa mwenyekiti. Mwenyekiti kamwambia simjui huyo mama, niletee barua ya sheha wake kwamba kahama kule.

Haya. Barua inataka barua.

Nkamwambia Asya ampeleke mtu kwa sheha. Kasema atakwenda mwenyewe, ni nyumba ya nne kutoka kwake. Ana miguu bado. Ulimi anao. Koo tu.

Jumatano, 14 Januari

Sheha kakataa.

Asya kanisimulia na anacheka, na kila akicheka anakohoa. Sheha kamwambia: "Bi Asya, nakuona kila asubuhi umekaa barazani kwako. Nitaandikaje umehama? Niutie uwongo muhuri wa serikali?" Kisha akamtilia chai, ati aiache ipoe kwanza, kwa ajili ya koo.

Mtu mkweli. Siwezi kumchukia na ndo kinachonitia hamaki. Leo nlitaka mwongo. Unguja nzima, leo ndo wanampata sheha asiyesema uwongo.

Alkhamisi, 15 Januari

Mwenyekiti wa Dar kaandika barua. Mundhir hakuniambia kalainishwaje na sikuuliza. Mundhir akarudi ofisini mbio. Wakapokea. Wakapiga muhuri. Wakamwandika Asya.

Kisha binti wa dirishani akasema: mzazi aliyeandikwa sasa, matibabu makubwa anangoja miezi mitatu. Ndiyo sharti ya bima yao.

Mundhir alinipigia akiwa pale pale. Nkamwambia nipe huyo binti. Akaja kwenye simu, sauti ya mtoto.

"Shikamoo bibi. Pole sana. Ni mfumo, bibi, haukubali."

Nkamuuliza, mfumo ana mama?

"Bibi, mfumo ni kompyuta."

Nkamwambia hilo nalijua, ndo maana nakuuliza weye.

Akasema, "Hata mimi naumia, bibi. Mama yangu mwenyewe yuko Tanga, nangoja hivyo hivyo." Basi nkajikuta nambembeleza mie. Nkamwambia kula vizuri, mwanangu, usikae na njaa kwa ajili ya kompyuta. Nkamrudishia Mundhir simu.

Nkaenda chooni nkalia kwa hasira. Si huzuni. Hasira ina chumvi yake.

Miezi mitatu. Laiti hawa wangelimeza wao chakula kwa barua ya rufaa. Wangelitizama uji kwenye bakuli, na mtu anawaambia mfumo.

Na sasa Asya hana hata ile ya Unguja. Nlimtoa mie.

Ijumaa, 16 Januari

Nlingoja Khatibu atoke msikitini. Nkampigia. Nkamwambia mrudishe Asya kwenu, kama ulivyomtoa.

Kasema kumtoa ni kubonyeza mara moja. Kumrudisha ni kama kumwandika mgeni: fomu, picha, barua ya sheha, kisha Bara nao waandike kwamba wamemfuta kwao. Na pale ofisini wameshamuuliza kwa nini alimtoa mgonjwa wa rufaa bila fomu ya mgonjwa mwenyewe. Sauti yake ilikuwa chini. Kuna watu karibu.

Kisha akasema lile. Hakutaka kulisema, mie ndo nlimbana. Nlimuuliza, hiyo kamati yenu ilikaa au haikukaa?

Ilikaa. Juzi, Jumatano. Majina kumi na moja. Yote yamepita. Jumatatu wanapanda boti.

Nkamuuliza Asya alikuwa wa ngapi kabla hajatoka.

"Mama, ya nini?"

Wa ngapi?

"Wa saba."

Jumamosi, 17 Januari

Wa saba.

Jumapili, 18 Januari

Sikumpigia Asya leo. Sijapata kukosa, tangu simu ziwe rahisi. Alipiga yeye mara mbili, nkaitizama simu inalia.

Kupika sikupika. Nasra kaagiza kuku wa dukani, watoto wamefurahi. Nyumba ya watu wasiojua.

Jumanne, 20 Januari

Nasra kanipeleka kliniki Hamriya kwa nguvu. Nesi ni Mkenya, Mercy jina lake, ana mikono myepesi na msalaba mdogo shingoni. Akafunga ule mkanda mkononi, akatizama, akafunga tena.

"Mama, hii presha iko juu sana. Nani amekukasirisha?"

Nkamwambia serikali mbili na mwendawazimu mmoja. Mwendawazimu ni mie.

Nkamweleza yote, sijui kwa nini. Yule mtu kazi yake kupima. Akavuta kiti akakaa. Kasema, "Hata kwetu ni hivyo tu. Hospitali ni ya kaunti, bima ni ya Nairobi. Kaunti inakuambia uulize Nairobi, Nairobi inakuambia urudi kaunti. Shangazi yangu alikuwa na kadi kwa mkono na hakuna mtu alimguza." Kisha akasema, "Wewe ulitaka kusaidia, Mama."

Nkamwambia nlitaka kushinda. Si kitu kimoja.

Akanipa kidonge cha chini ya ulimi, akanishika mkono mpaka kikayeyuka. Nimempelekea mikate. Sita.

Alkhamisi, 22 Januari

Nimegombana na Nasra. Nlimwambia tumlete Asya hapa. Kuna mtambo Maskati, kuna madakhtari, kuna vitanda vinameta. Kasema, "Mama, kwa bitaka gani, kitambulisho gani cha huku? Yeye si wa hapa. Spitali ya serikali ni ya wenye nchi, mgeni anakwenda za watu binafsi. Na viza, na ripoti, na safari, na hali aliyonayo."

Nkamwambia huyu ni mama yako mdogo, damu yangu, baba mmoja mama mmoja. Kasema najua, lakini kwenye karatasi ni mgeni.

Basi na hapa ni vile vile. Nlikuwa nawatukana wale wa kule kama kwamba sie hatuna dirisha. Tunalo. Mie tu sijasimama upande wa nje.

Kisha Nasra akaniambia jambo ambalo lilikuwa mdomoni mwake wiki nzima: "Hakuna aliyekuuliza, Mama. Khatibu alikwambia wiki moja."

Nlimwambia atoke chumbani kwangu. Akatoka. Baada ya muda akarudi na chai akaiweka. Ana tabia zangu. Masikini.

Nlimpigia Asya. Siku nne sijamsikia. Sikumwambia kitu. Kasema, "Ulikuwa unaumwa?" Nkasema ndiyo, mafua. Sasa mie ni mwongo pia.

Jumatatu, 26 Januari

Uji mwepesi tu. Anauchuja kwa kitambaa. Mifupa ya mabega imetoka, Mundhir kaniletea picha. Nlimwambia asiniletee tena. Kisha nkamwambia alete.

Bara wamemfuta. Kumwandika walichukua siku tatu na barua ya mwenyekiti. Kumfuta, kabla ya chai ya saa nne. Kufuta wote ni hodari, wale na hawa.

Jumatano, 28 Januari

Khatibu kachukua karatasi mwenyewe, kwa miguu, meza kwa meza. Sheha safari hii kaandika barua bila kusita: Bi Asya ni mkaazi wa shehia hii na hajahama. Kampelekea Khatibu ofisini mwenyewe, kwa baiskeli, na umri ule. Ukweli wake leo umetufaa. Nimemwombea dua. Mwezi huu nlimlaani, leo nimemwombea, Mungu achague.

Asya karudi kwenye orodha ya Unguja. Kamati Jumatano ijayo.

Khatibu kapewa barua ya onyo. Miaka ishirini na kitu kazini, hana doa, na sasa ana barua kwenye faili lake kwa sababu ya maziwa. Nlitaka kumwomba radhi. Nlianza. Akanikatisha: "Mama, usiniombe radhi, utanitia dhambini." Nkamwambia basi na weye siku nyengine nikatalie. Kasema, "Sijui inafanywaje hiyo." Tukacheka kidogo, wote wawili vibaya.

Jumapili, 1 Februari

Nimekaa nafikiri. Wiki tatu wanaume na wanawake wenye elimu, wa huku na wa kule, wanagombania nani ashike mfuko wa wagonjwa. Mundhir ananisomea magazeti. Huyu anasema ukiwapa Bara, Unguja imemezwa. Yule anasema tuwe na mfuko mmoja, tuwe na nguvu. Wote wanasema vizuri. Wote wamekula mchana.

Mie nipo upande wa yeyote atakayefungua mlango kwanza. Siasa yangu ndo hiyo, na sioni haya.

Jumatano, 4 Februari

Imepita.

Asya wa tatu safari hii. Nlimuuliza Khatibu makusudi.

Ijumaa, 6 Februari

Wamevuka leo kwa boti ya asubuhi. Khatibu kachukua likizo kamsindikiza. Mtu mkubwa, ana dereva, kabeba chupa ya uji na mto wa kuegemea. Asya hajapata kuipenda bahari. Kasema alifumba macho njia nzima na Khatibu akamsomea Yasini sikioni, mpaka mama mmoja wa siti ya nyuma akauliza kama mgonjwa anakata roho.

Asya akamwambia, "Bado, bibi. Nangoja kufika."

Sauti imebaki ya kunong'ona. Lakini ulimi bado wake.

Jumatatu, 9 Februari

Dakhtari wa Bara kampima upya. Picha mpya.

Siku ishirini na tano zimekuwa tano.

Mwanzo nlifurahi. Nlidhani ugonjwa umepungua, ndo maana siku zimepungua. Nkamwambia Khatibu alhamdulillahi. Hakuitikia. Hapo nkafahamu.

Ishirini na tano zilikuwa za kuponesha. Tano ni za kupunguza. Apate kumeza kidogo, maumivu yashuke. Uvimbe umetambaa.

Nkamuuliza Khatibu, dakhtari kasema kama angelifika mwezi uliopita? Kasema, "Hajasema, Mama. Nlimuuliza. Kasema haya mambo hayajulikani."

Haya mambo hayajulikani. Kwa hiyo hakuna mwenye kosa. Unguja walifuata sharti yao. Bara walifuata sharti yao. Binti wa dirishani aliumia. Sheha alisema kweli. Mkono wa kila mtu ni safi na mdogo wangu uvimbe umetambaa.

Basi nasema mie, maana kuna mtu lazima aseme. Wao waliiweka bahari katikati ya mgonjwa na dawa yake, kila mmoja akakaa pwani yake na orodha yake. Hilo ni lao, na siku ya siku wataulizwa. Na mie nlimtoa kwenye orodha, wa saba, na wenzake wakapita. Hilo ni langu. Sigawi na mtu.

Hasira yote niliyokuwa nayo kwao bado ninayo. Haikupungua hata kidogo kwa kujua kosa langu. Nlidhani itapungua.

Alkhamisi, 12 Februari

Siku ya nne ya mionzi. Anatapika. Mundhir anamnawisha mama yake, mtoto wa kiume, hana mke. Kanambia hakuona haya. Nkamwambia Mungu akupe, baba, Mungu akupe.

Nasra kanikatia tiketi ya Dar. Hakuniuliza. Kaiweka chini ya chupa ya dawa ya presha, ili niione na ninywe.

Jumamosi, 14 Februari

Mionzi imekwisha jana. Asya yuko kwa Mundhir, kalala chumba cha mbele, dirisha wazi. Tulionana kwenye simu, uso kwa uso. Amekuwa mdogo. Macho ndo yale yale.

Nkamwambia. Nlikuwa nimepanga maneno, hayakuja. Nkasema tu: Asya, mie ndo nliyekutoa kwenye orodha.

Akacheka. Hewa tu, bila sauti. Akanong'ona, na Mundhir ikabidi anirudilie maneno mengine:

"Unadhani Khatibu angenitoa bila kuniuliza? Alikuja nyumbani siku ile ile, kabla hajafanya kitu. Nkamwambia mtoe. Ukimkatalia yule, kesho atakuwa hapa na birika la kahawa."

Nkamuuliza, ulijua kuna kamati Jumatano?

Akaitikia kwa kichwa.

Kwa nini basi hukunizuia?

Akasema, "Sijapata kukuzuia, Dada."

Nlikuwa namwona, alikuwa ananiona. Mundhir akatoka chumbani, mtoto mwenye adabu.

Kisha Asya akataka uji. Mundhir akamletea, wa mtama, mwepesi. Vijiko vitatu vikapita. Cha nne akangoja, akafumba macho, kikapita.

Naondoka Jumatatu. Ramadhani imeshafika mlangoni, ntaifunga huko. Asya hana saumu. Ntampikia mchana, atakula mbele yangu, na mie na saumu yangu ntamtizama anavyomeza.